Je, wajua? Huzuni haikumchorea Van Gogh picha zake

Februari 1890 mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Mdogo wake Theo alikuwa ametoka kupata mtoto wa kiume, akampa jina la Vincent. Kwa furaha ya habari hiyo mchoraji akamwandalia mtoto picha: matawi ya mlozi yaliyochanua, nyuma yake anga la buluu. Baadaye alimwandikia Theo kwamba pengine hakuna kazi aliyoifanya kwa subira na utulivu kuliko ile, na kwamba kesho yake ugonjwa ulimwangusha.

Kwa nini anayeunda kitu huyumba hivyo, mara shukrani, mara giza? Jibu linalopendwa ni kwamba giza ndilo linalotoa kipaji, na shukrani ni mapumziko tu. Jibu hilo linakwama kwa Van Gogh mwenyewe. Kati ya Mei 1889 na Mei 1890 alichora picha kama 150, nyingi mno wakati wa nafuu. Ugonjwa ulipomzidi kiangazi cha 1889, alikaa wiki kadhaa bila kuchora. Zipo chache alizozifanya kabla hajapona, lakini katika barua zake kazi ndiyo dawa ya maradhi, siyo tunda lake.

Mwaka 1994 mwanasaikolojia Robert Weisberg alipima jambo hilo kwa mtunzi wa muziki Robert Schumann. Miaka ya uchangamfu uliopita kiasi ilizaa tungo nyingi zaidi. Ubora, kwa kipimo cha mara ngapi kila utungo umerekodiwa, haukupanda. Huyo ni mtunzi mmoja tu, na hali yake ilikisiwa kutokana na kumbukumbu za zamani, kwa hiyo tusiupanue ushahidi huo kuliko ulivyo.

Basi kuyumba kunatoka wapi? Tuache mashambulizi ya Van Gogh, ambayo madaktari bado wanabishana yalikuwa ugonjwa gani, tutazame hisia za kawaida. Hisia huchagua kumbukumbu. Mtu anayetafuta nguo nyeusi za msiba kwenye rundo la mitumba, mkono wake huvuta nyeusi tu. Nyekundu na njano zinampita machoni. Akishajaza mfuko, ataapa kwamba rundo zima lilikuwa jeusi. Arudi kesho akitafuta nguo za harusi, rundo lilelile litamtolea rangi zote, naye ataapa vilevile. Ndivyo msanii mwenye huzuni anavyokumbuka kila mstari uliomshinda, na kila alichokumbuka kinaizidisha huzuni. Shukrani nayo huvuta waliomfundisha, aliyemnunulia rangi, mstari uliokubali. Kazi iliyo mbele yake haijabadilika hata kidogo.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hali hizo mbili zinaweza kukaa pamoja. Julai 1890, akiwa Auvers, kijiji cha karibu na Paris, Van Gogh aliwaandikia Theo na mkewe kuhusu picha za mashamba makubwa ya ngano chini ya mawingu yaliyochafuka. Alisema amekusudia kuonyesha huzuni na upweke uliokithiri. Katika barua hiyohiyo akaongeza kwamba turubai hizo zitawaambia asichoweza kukisema kwa maneno: jinsi anavyoona shamba linavyompa mtu afya na nguvu.