Papa Ajida na daftari lake la wanajeshi wa zamani

Tulipomzika Papa Ajida hapa Bukavu, kilio chake kilijaa wajane kuliko maafisa. Wengi hawakuwahi kumwita jina jingine. Ajida kilikuwa cheo chake alichostaafu nacho, na mtaani kikageuka jina. Familia yake imeomba nisiandike jina lenyewe, basi sitaliandika. Nataka nieleze kazi yake, ile ya kuwasaidia wanajeshi wa zamani na wajane wao kudai pensheni, maana siku ile kila aliyesimama kuzungumza alisema mzee alikuwa na moyo mzuri, na hakuna aliyesema alikuwa akifanya nini hasa. Mimi ni mwanahistoria wa mambo ya jeshi hapa Kivu. Nilikaa naye meza moja kwa miaka, yeye akiuliza, mimi nikiandika.

Aliingia Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, miaka miwili kabla ya uhuru wa 1960, akabaki jeshini mpaka nywele zikawa nyeupe. Kazi haikubadilika, ila jeshi lenyewe lilibadilika jina mara kwa mara. Baada ya uhuru likawa ANC (Armée Nationale Congolaise). Nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971 likawa FAZ, na huko ndiko alikostaafia. Mwaka 1997 likaitwa FAC, na tangu 2003 ni FARDC. Mtu asiye na mwanajeshi nyumbani anaweza kuona hizo ni herufi tu. Kwa anayedai pensheni, kila badiliko ni mahali ambapo karatasi hupotea, kwa sababu ofisi mpya hurithi kabati bila kurithi watu waliojua kilichomo.

Miji nayo ilibadilika. Kuna wazee walioandikishwa Costermansville, ndiyo Bukavu hii, wakafundishwa Luluabourg, wakatumwa Stanleyville. Karani kijana wa leo anatafuta Kananga na Kisangani, haoni kitu, anarudisha dosiye, yaani faili la mzee. Halafu ikaja 1972, Rais Mobutu akaagiza watu waache majina ya Kikristo. Kijana aliyeapa kama Joseph mwaka 1958 akatoka jeshini na majina ya mababu zake tu. Leo mjane analeta cheti cha ubatizo chenye jina moja na kadi ya jeshi yenye jina jingine, na ofisi inamwambia kwamba hao ni watu wawili.

Ndiyo maana Papa Ajida alianza kila mazungumzo kwa sentensi ileile: «Mama, keti kwanza. Matrikili iko wapi?» Jina linabadilika, kikosi kinabadilika, nchi inabadilika, namba ya matrikili, ile mwanajeshi anayopewa akiandikishwa, ndiyo inayobaki. Mjane asiyejua matrikili ya mumewe hana pa kuanzia, na wengi hawaijui, kwa sababu mwanajeshi aliiweka mfukoni na vita vya 1996 vikaondoka na koti.

Hapo ndipo daftari lilipoingia kazini. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, kama la wenye duka, kurasa zimechorwa mistari kwa rula na bic nyekundu. Kila mtu alikuwa na mstari wake: jina la kuapa, jina la baada ya 1972, matrikili, kikosi cha kwanza, sajini aliyemfundisha, kituo alikopokea mshahara wa mwisho, mke aliyeandikishwa, na mashahidi wawili walio hai. Matrikili ikikosekana, alitafuta aliyeandikishwa naye siku moja. Aliona humo daftarini kwamba waliosimama mstari mmoja siku ya kuandikishwa mara nyingi walikuwa na namba zinazokaribiana. Basi, akiwa na namba ya rafiki, aliweza kuiambia ofisi itafute wapi. Alikuwa haombi huruma, alikuwa anawaonyesha rafu ya kabati wanayopaswa kutafuta.

Kwa mwanahistoria jambo hilo ni kubwa. Dosiye iliyopotea hairudi, lakini kumbukumbu za wenzake kumi zikipangwa vizuri zinaweza kuwa ushahidi, mradi anayezipanga ajue kuchuja. Papa Ajida alijua. Walikuja pia watu ambao hawakuwahi kuwa askari, wamesikia kuna pesa. Hakuwafukuza. Aliwauliza: Agosti 1964 ulikuwa wapi? Mwezi huo waasi walioitwa Simba waliushambulia mji wetu, na ANC chini ya Léonard Mulamba wakawarudisha nyuma. Sifa ya vita ile ndiyo iliyomfuata Mulamba mpaka akawa waziri mkuu mwaka uliofuata. Jina la Mulamba kila mtu analijua, kwa hiyo hakuliuliza. Aliuliza apeli ya asubuhi, yaani kuitwa majina, ilifanyikia wapi, mlikula nini, nani aligawa risasi, aliyekufa kando yako alikuwa kabila gani na mke wake alienda wapi baadaye. Mwanajeshi wa kweli hapo alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja majina. Mwongo alianza kusimulia ushujaa.

Vivyo hivyo kwa 1967, Mbelgiji Jean Schramme na mamluki wake walipoushika mji kuanzia Agosti mpaka mwanzoni mwa Novemba, kisha wakavuka Ruzizi kuingia Rwanda. Kuna askari waliotengana na vikosi vyao miezi ile na wakaandikwa watoro. Papa Ajida alikuwa na ukurasa wao peke yao. Kesi hizo zilimuuma kuliko zote, na nilimwona akizirudia hata pale ambapo familia yenyewe ilikuwa imeshakata tamaa.

Kazi hii hakuianza baada ya kustaafu. Aliianza akiwa koplo kijana, kwa sababu alijua kuandika Kifaransa kizuri, na wazee waliomfundisha bunduki walikuwa hawajui. Hao ndio wazee wa 40-45, waliopigana Vita vya Pili vya Dunia. Watoto wa Bukavu wanataja Kambi Saïo, kambi ya jeshi ya hapa mjini, kila siku, na inanisikitisha kwamba shuleni hawaelezwi jina limetoka wapi. Saio ni mji wa magharibi mwa Ethiopia, leo unaitwa Dembidolo. Wanajeshi wa Kongo walipita Sudan, wakachukua Asosa mwezi Machi 1941, kisha Gambela, na tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Pietro Gazzera wa Italia akajisalimisha kwao pale Saio. Njaa na magonjwa viliua wengi kuliko risasi, hasa wabebaji waliopanda milima na mizigo kichwani. Wabebaji hao hawakuwa na matrikili. Koplo kijana aliwaandikia barua wazee waliorudi, na aliniambia kuwa barua za wabebaji ndizo ambazo hazikujibiwa kamwe. Naamini daftari lilizaliwa hapo, ingawa mistari yake ya kwanza ni ya miaka mingi baadaye.

Sasa niseme kuhusu sheria, maana wengi mnaniuliza. Haki za mwanajeshi na familia yake zimo katika sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013 kuhusu hadhi ya mwanajeshi wa FARDC. Kwa mjane, kikwazo mara nyingi hakiko jeshini, kiko komini, yaani ofisi ya utawala ya sehemu ya mji. Ndoa ya kimila inatambuliwa na sheria ya familia ya 1987, ila iandikishwe kwa ofisa wa etasivili, anayeandika vizazi, ndoa na vifo. Wanajeshi wengi walitoa mahari, wakala sherehe, wakahamishwa kikosi, wasiandikishe. Mume akifa, mjane lazima apate uthibitisho wa kifo, kikao cha familia chenye saini, na mara nyingine hukumu ya mahakama ya kuziba pengo la cheti. Papa Ajida aliwatuma watu Kadutu, Ibanda na Bagira wakaandikishe ndoa zao wakiwa bado wazima, na alikuwa mkali sana kwa wanaume waliosema watafanya kesho.

Kuna jioni walikuja wanawake wawili, wote wajane wa sajini mmoja. Wa kwanza ndiye aliyekuwa katika karatasi za jeshi, lakini aliishi kijijini na hakumwona mumewe kwa miaka mingi. Wa pili alimuuguza mpaka mwisho. Huyu wa pili alitaka mzee aandike barua kwamba wa kwanza alikwisha kufa. Papa Ajida alifunga kalamu, akatuma mtu amwite wa kwanza, akasubiri siku ile na kesho yake, kisha akawakalisha kwenye benchi moja akauliza mbele yao watoto ni wangapi na wanaitwa nani. Aliandika watoto wote kabla ya kuandika mama yeyote. Wapo waliomlaumu kwamba alichelewesha dosiye. Mimi naona alikuwa sahihi: watoto wa pande zote mbili ni warithi, na dosiye iliyojengwa juu ya uongo huanguka ikishafika Kinshasa, mahali ambapo mjane hana nauli ya kwenda kuitetea.

Hakuchukua asilimia. Kuna watu wanaojiita wa kusaidia, wanabaki na sehemu ya malipo ya kwanza, wengine na kadi yenyewe. Yeye alikubali chai na sukari, basi.

Daftari liko katika mikono salama. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, orodha ya wanajeshi wa zamani si kitu cha kutembea nacho wala cha kuweka mtandaoni, kwa hiyo sitaonyesha hapa hata ukurasa mmoja, na msinitumie majina kwenye maoni. Lakini iko mistari mingi ambayo mzee aliiacha na alama ya kuuliza, na majibu yamo nyumbani mwenu. Kama una baba au babu aliyevaa gwanda kabla ya 1997, muulize aliapa wapi, sajini wake alikuwa nani, na mshahara wa mwisho aliupokelea kituo gani. Andika kama anavyosema, pamoja na jina alilokuwa nalo kabla ya 1972, mkahifadhi karatasi hiyo na cheti cha ndoa ya mama.