Je, wajua dawa ya saratani ya damu ilianzia kwa sifongo wa baharini?

Akina mama wanaoanika dagaa Igombe, hapa Mwanza, hawahitaji kitabu kulijua hili: dagaa wakichelewa kupata jua, matumbo hupasuka. Vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini) vilivyokuwa vikisaga chakula cha samaki vimegeuka kumsaga samaki mwenyewe. Jua likikausha maji, vinadorora.

Sifongo naye huzuia vimeng'enya, ila kwa kemikali. Ni mnyama, ingawa hana kichwa, tumbo wala miguu. Amejishikiza mwambani akichuja maji kutwa, na adui akija hana pa kukimbilia. Silaha yake ni kemikali, nyingine za kwake, nyingine za bakteria wanaoishi mwilini mwake. (Wapo sifongo wa maji baridi pia, lakini habari hii ni ya maji chumvi.)

Kemikali hizo hupatikanaje? Mpiga mbizi hukata kipande, kikalowekwa kwenye alkoholi, kama mganga alowekavyo mizizi. Mchuzi wake hutenganishwa mafungu mafungu. Kila fungu huchanganywa na kimeng'enya, pamoja na kitu ambacho kikisagwa hubadilika rangi. Rangi ikigoma kubadilika, kuna kizuizi humo! Fungu hilo hugawanywa tena na tena hadi ibaki kemikali moja. Ni kazi ya kuchosha: kilo nzima ya sifongo yaweza kutoa miligramu chache tu.

Lakini bahati nyingine huja bila kutegwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanakemia Werner Bergmann na Robert Feeney walieleza kemikali za sifongo aliyetolewa Florida, Marekani. Zilifanana na matofali yanayojenga DNA, maelekezo ya urithi ndani ya seli, ila sukari yake ilikuwa ya aina nyingine, arabinosi. Wakemia wengine walifuata mfano huo wakaunda sitarabini, ndiyo dawa yetu ya saratani ya damu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969.

Seli ya saratani hunakili DNA kabla ya kujigawa, na fundi wa kazi hiyo ni kimeng'enya DNA polimerasi. Akipewa tofali bandia hulipachika bila kushtuka, kisha ukuta haupandi tena. Ubaya ni kwamba dawa haichagui: seli za uboho zinazotengeneza damu nazo huguswa, ndiyo maana mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara.

Na kwenye kichupa cha sitarabini hakuna sifongo hata chembe. Hutengenezwa kiwandani.