Maji Yanayovuja Mferejini Huenda Wapi?

Mradi wangu wa kwanza wa umwagiliaji ulikuwa wa kusakafia mfereji. Ulikuwa mfereji wa udongo, umesongwa na magugu, na vipimo vyetu vilionyesha kuwa karibu theluthi ya maji yaliyoingia kwenye banio, yaani lango la kuingizia maji mferejini, hayakuwa yakifika mashambani. Tukamwaga zege. Wakulima wa mwisho wa mfereji, ambao zamu yao siku zote ilikuwa ya matope tu, wakaanza kupata maji ya kutosha, nasi tukaandika kwenye ripoti kwamba tumeokoa maji. Msimu uliofuata bibi mmoja anayeishi upande wa bondeni alinishika mkono akanipeleka kisimani kwake. Kamba ya ndoo ilikuwa imeungwa mara mbili, na ndoo ikapanda na maji nusu, yamechafuka kwa udongo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, maji yetu mmeyapeleka wapi?"

Kisima kile kilikuwa kikinyweshwa na mfereji wetu. Yale niliyoyaandika kuwa "maji yaliyopotea" yalikuwa yakipenya chini polepole, yakijaza visima, na yaliyobaki yakichomoza tena mtoni kilomita kadhaa mbele. Nilikuwa nimemvua huyu nikamvika yule, kisha nikajipongeza.

Tangu siku hiyo, kila ninaposikia neno "kuokoa maji" kwenye kilimo huuliza: yangekwenda wapi kama usingeyaokoa? Swali hili lina uzito kwa sababu kilimo ndicho kinachochukua takriban asilimia 70 ya maji baridi yote ambayo binadamu huyatoa mitoni, maziwani na ardhini. Tukikosea hesabu hapa, hakuna bomba la mjini litakaloziba pengo hilo.

Chukua mfano wa kubuni. Mkulima anavuta lita 100 kutoka mtoni na kumwagilia kwa mifereji midogo. Mimea inatumia lita 50, nyingine 10 zinapaa kwa jua, na 40 zinapenya chini na kurudi mtoni. Anahamia umwagiliaji wa matone, wa mipira inayodondosha maji kwenye mizizi. Sasa lita 60 zinamtosha: mimea inatumia 50 zile zile, 4 zinapaa, 6 zinarudi. Yeye anaamini ameokoa lita 40. Mto umeokoa 6, kwa kuwa yaliyoutoka bila kurudi yalikuwa 60 na sasa ni 54.

Hapo bado hakuna ubaya. Ubaya huja pale mkulima, mtu mwenye akili timamu na watoto wa kusomesha, anapoona kibali chake bado kinamruhusu lita 100. Anapanua shamba. Kwa mipira ile ile ya matone, lita 100 sasa zinaishia kwenye mimea na hewani kiasi cha 90, na zinazorudi mtoni ni 10. Jirani wa chini aliyezoea kupokea 40 anapokea 10, tena baada ya mradi ulioitwa wa kuokoa maji na pengine kulipiwa ruzuku. Mwaka 2018 kundi la watafiti lilichapisha katika jarida la Science makala iliyoonyesha kitendawili hiki kikijirudia nchi mbalimbali: ufanisi shambani unapanda, mto unazidi kukauka.

Sisemi matone ni mabaya. Yanapunguza gharama ya kusukuma maji, yanazuia mbolea isisombwe, na pale ambapo maji yanayovuja yanaishia baharini au kwenye tabaka la chumvi chini ya ardhi, uokoaji wake ni wa kweli kabisa. Hata kwenye mpunga iko mbinu ninayoipenda kwa urahisi wake: bomba lenye matundu linazamishwa ndani ya jaruba, na mkulima anachungulia humo. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, anafungulia tena, ila wakati mpunga unachanua haachi jaruba likauke. Hewa ya methani inayotoka shambani na kuongeza joto la dunia inapungua, na maji yanayoingizwa yanapungua pia. Lakini hata hapo sehemu kubwa ya kinachopungua ni ule upenyezaji wa chini, kwa hiyo swali la bibi yule linabaki pale pale.

Sasa panda ngazi kutoka jaruba hadi nchi. Mabonde ya mito yanayovuka mipaka ya mataifa ni zaidi ya 260 duniani, na mengi ya makubaliano ya kuyagawa yana ugonjwa ule ule wa kuhesabu maji kana kwamba yako ndani ya debe. Mkataba wa mto Colorado, ulioko Marekani, wa mwaka 1922 uliyapa majimbo ya juu na majimbo ya chini kilomita za ujazo takriban 9.25 kwa mwaka kila upande, na mwaka 1944 Meksiko ikaahidiwa 1.85 nyingine. Hesabu hizo zilitegemea miaka iliyokuwa na maji mengi kuliko kawaida. Tangu mwaka 2000 wastani wa mto wenyewe haufikii jumla ya ahadi hizo. Makubaliano ya Nile ya mwaka 1959 nayo yaligawa kilomita za ujazo 84: Misri 55.5, Sudan 18.5, na 10 zikaachiwa mvuke. Ethiopia, ambako sehemu kubwa ya maji hayo hutoka, haikuwamo mezani.

Namba isiyobadilika inapendeza kwenye karatasi kwa sababu waziri anaweza kuitaja bungeni. Mto haujui hilo. Ningekuwa na sauti ningetaka mgawo uwe wa asilimia ya maji yaliyopo mwaka huo, na kinachopimwa kiwe ni maji yanayoutoka mto bila kurudi, si yale yanayopita kwenye banio. Zamani maji hayo yasiyorudi yalikuwa hayawezi kupimika kwa eneo kubwa. Leo setilaiti zinakadiria maji yanayopaa kutoka mashambani, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linatoa takwimu hizo bure kupitia tovuti yake ya WaPOR.

Bonde ninalolitaja zaidi kwa wanafunzi ni la mto Senegal. Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika la pamoja mwaka 1972, na Guinea ikajiunga baadaye. Mabwawa ya Diama na Manantali ni mali ya nchi wanachama kwa pamoja, bila kujali yamesimama kwenye ardhi ya nani. Na katika hati yao ya maji ya mwaka 2002 hawakuigawia kila nchi lita zake. Maji yanagawiwa matumizi: kilimo, umeme, maji ya kunywa, usafiri wa majini, mafuriko ya kupanda mazao kandokando ya mto. Si kwamba huko ni peponi. Baada ya Diama kuzuia maji ya chumvi, konokono wa maji baridi walizaliana na kichocho kikasambaa vibaya sana. Lakini wanapokaa kujadili kiangazi, swali lililoko mezani huwa ni kazi gani ipunguziwe maji.

Mfereji wangu wa zege bado upo. Tulichofanya ni kuvunja sakafu kwa urefu wa mita 200 mkabala na visima, kazi iliyomuudhi sana mhasibu, na misimu miwili baadaye maji yakapanda. Bibi hakuifupisha kamba. Alisema ataiacha hivyo hivyo, kwa vile wahandisi huwa wanarudi.