Kabla ya kuhesabu kobe, ulizeni baba zao ni wangapi

Watoto wengi wa Kivu Kusini wamefuga simbilisi jikoni. Unaanza na dume mmoja na majike wawili uliopewa na jirani. Mwaka haujaisha, wamejaa chini ya kitanda. Halafu uzao unaanza kupungua: wanazaliwa wawili badala ya wanne, wadogo, na wengine hawamalizi wiki. Bibi akiulizwa hana maneno mengi: nendeni mkabadilishane dume na watu wa kilima kingine. Bibi ana haki. Simbilisi wale wamekuwa ndugu wanaooana na ndugu, na kasoro ambayo kila mzazi alikuwa ameificha katika damu imekutana na nyenzake.

Kwa kobe mambo ni yale yale, ila yanakwenda polepole sana. Kobe wakubwa wa visiwa vya Galápagos, nchini Ekwado, huanza kuzaa wakiwa na miaka 20 hadi 25. Kosa la kuchagua wazazi leo litaonekana wakati aliyelifanya ameshastaafu.

Huko Galápagos, katika kisiwa cha Española, kati ya 1963 na 1974 walipatikana kobe 14 tu waliosalia: majike 12 na madume 2. Walikuwa wametawanyika mno, hata kukutana wazae ilikuwa shida. Wakahamishiwa kituo cha uzalishaji kisiwani Santa Cruz, na dume wa tatu, Diego, akarudishwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani. Uzalishaji uliposimamishwa mwaka 2020, karibu watoto 2,000 walikuwa wamesharudishwa Española, na mwezi wa sita wazee wote 15 wakarudishwa nyumbani. Mimi naihesabu kazi ile kati ya kazi bora kabisa za kuokoa mnyama. Lakini vipimo vya vinasaba, yaani alama za urithi zinazotoka kwa wazazi, vilionyesha kwamba dume mmoja alizaa karibu asilimia 60 ya watoto, Diego karibu asilimia 40, na yule wa tatu karibu hakuna. Kisiwa kimejaa, na karibu kila kobe ni uzao wa mmoja wa baba wawili.

Tunayo hesabu ya kupima jambo hili. Zidisha 4 kwa idadi ya madume, kisha kwa idadi ya majike, halafu gawanya kwa jumla yao. Madume 2 na majike 12 wanakupa chini kidogo ya 7. Maana yake kundi la 14 linarithisha kama kundi la kobe 7, na kila kizazi linapoteza karibu asilimia 7 ya utofauti wa vinasaba uliobaki. Kama wangekuwa madume 7 na majike 7, jibu lingekuwa 14 kamili. Utofauti huo ndio akiba ya siku ya ugonjwa: mahali ambapo wote wana kinga ya aina moja, kinachomwua mmoja kinaweza kuwaua wote.

Msimu wa mvua uliopita, mama mmoja wa hapa Bukavu, tunakotunza kobe, alituletea kobe wawili katika beseni. «Dokta, munipatie dume moja tu, nitazalisha mu parseli.» Nia yake ilikuwa njema, nami nilifurahi kumwona. Mmoja alikuwa kobe wa msituni, yule ambaye gamba lake la nyuma linajifunga kama mlango. Ukingoni alitobolewa tundu la kamba. Wa pili alikuwa na mabaka ya njano na meusi, kobe wa nchi ya nyasi. Si aina moja hata kidogo. Wa kwanza alimnunua kwa dereva wa lori la Shabunda. Wa pili, mama hakukumbuka alikompata.

Hapo ndipo kazi yetu inapokuwa ngumu. Kobe asiyejulikana kwao hatumchanganyi na wengine, hata akifanana nao, maana tunaweza kuunganisha koo zilizotengana maelfu ya miaka. Hata kumwona dume akimpanda jike hakutoshi kumjua baba: jike anaweza kutunza mbegu za dume kwa miaka, na mayai ya kiota kimoja yakawa na baba wawili. Ndiyo sababu tunahitaji tone la damu la kupima vinasaba. Halafu kuna joto. Kwa aina nyingi za kobe, joto la udongo ndilo linaloamua: mayai yaliyopata joto kali hutoa majike, yaliyokaa penye ubaridi hutoa madume. Ukiyaangulia yote sehemu moja, unaweza kupata jinsia moja tupu, na ile hesabu ya juu inaanguka.

Kwa hiyo mkiwa na kobe nyumbani, msimwachie porini popote mnapoona majani, na msimwozeshe kwa kobe wa jirani. Mleteni kwetu, pamoja na jina la kijiji, la mto au la barabara alikookotwa. Yule mama alirudi baada ya wiki mbili na jina la kijiji alilopewa na dereva. Tumeliandika kwenye daftari la ukoo. Pa baba na pa mama bado ni patupu.