“Alizaliwa Siku ya Obama”: Siku Hiyo Ilikuwa Tarehe Ngapi?

Vijana waliozaliwa miezi ile Barack Obama alipochaguliwa na kuapishwa sasa wanafikia umri wa kuchukua kitambulisho, na wengi wanakitaka kabla ya uchaguzi wa 2027. Ndiyo sababu kaunta za usajili wa vizazi na vifo hapa Kisumu, Kenya, zinapokea malalamiko ya namna moja: karatasi za mtu mmoja hazisemi tarehe moja. Naandika nikiwa afisa anayekaa upande wa pili wa kaunta, ili mwananchi anapokuja aje amejiandaa.

Mama mmoja alimleta mwanawe na bahasha ya kaki. Jina la pili la kijana ni Obama. Nilipouliza tarehe ya kuzaliwa, mama alijibu bila kusita: “Siku ya Obama.” Barua ya naibu wa chifu ilisema 6 Novemba 2008. Kadi ya ubatizo ilisema 20 Januari 2009. Fomu ya shule ilisema 4 Novemba 2008. Kila aliyeandika alimsikia mama akisema maneno yaleyale matatu, kisha akatafuta siku ya Obama kichwani mwake.

Siku hizo zote ni za kweli. Tarehe 4 Novemba 2008, Jumanne, Wamarekani walipiga kura. Matokeo yalitangazwa kule ikiwa bado usiku, lakini huku kwetu ilikuwa Jumatano asubuhi, tarehe 5. Rais Kibaki akatangaza Alhamisi, tarehe 6, kuwa siku ya mapumziko nchi nzima. Kisha 20 Januari 2009 Obama akaapishwa, na watu wakakesha Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake. Tarehe hiyo ya 20 Januari ilikuwa na uzito wake Nyanza hata kabla ya hapo, kwa kuwa ndiyo aliyofariki Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, mwaka 1994, miaka 15 kamili kabla ya kiapo kile. Siku kubwa huvuta kumbukumbu za watu kama sumaku, na aliyezaliwa karibu nayo husukumwa hadi awe amezaliwa ndani yake.

Chini kabisa ya bahasha kulikuwa na kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne na kufungwa kwa nailoni. Wino wa bluu ulikuwa umefifia, ila ulisomeka: uzito wa kuzaliwa, chanjo ya BCG ya kifua kikuu, na tarehe 5/11/2008. Tulipotafuta kwenye kitabu cha usajili tukaikuta 5 Novemba. Hospitali ilitoa taarifa wakati ule ule na mtoto akasajiliwa. Mama alikumbuka kwamba wauguzi walikuwa wamefungua redio wodini huku yeye akisubiri mtoto. Alikuwa sahihi. Waliokosea ni walioandika kwa niaba yake.

Naomba nieleweke hapa, maana swali la iwapo asiye na cheti hajasajiliwa hujibiwa kila siku na kila siku hurudi: cheti si usajili. Usajili ni ingizo lililo kitabuni. Cheti ni nakala yake iliyothibitishwa. Kijana huyu alikuwa amesajiliwa muda wote huo, kilichokosekana ni nakala tu. Wengi wanaofika wakisema “sijasajiliwa” walisajiliwa zamani, ila mzazi hakurudi kuchukua cheti. Hatua ya kwanza basi ni utafutaji, kabla ya kiapo, kabla ya wakili, na kabla ya broka wa nje ya lango anayekuambia jina lako halipo ilhali hajafungua kitabu chochote.

Tatizo hili ni kubwa zaidi kwa wazee. Nchi yetu ilifanya usajili wa vizazi kuwa lazima kila mahali mwaka 1971, ingawa sheria yenyewe, Sura ya 149, ni ya 1928. Aliyezaliwa kijijini kabla ya 1971 mara nyingi hana ingizo. Alipochukua kitambulisho aliulizwa mwaka, na siku na mwezi vikaachwa sufuri. Mifumo ya kompyuta haikubali sufuri, kwa hiyo wazee wengi leo wana tarehe 1 Januari. Nimewahi kupokea fomu za ndugu wanne wa nyumba moja, wote wa 1 Januari, miaka tofauti. Hawakudanganya hata mmoja. Lakini hiyo ni nafasi iliyojazwa, si siku ya kuzaliwa, na isichukuliwe kuwa ushahidi wa jambo lolote zaidi ya mwaka, na hata mwaka wenyewe kwa uangalifu.

Kwa wazee hao tunatumia matukio. Hata makarani wa sensa hubeba orodha ya matukio ya kila eneo ili kukadiria umri. Njia ni nzuri ila ina mitego, na mitego hiyo ndiyo inayonifanya niwe mgumu kaunta.

Mtu wa Nyando atasema alizaliwa “mafuriko ya Uhuru”. Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, na Ziwa Victoria likaendelea kupanda hadi 1964, kiwango ambacho hakikupitwa mpaka 2020. Hayo ni mafuriko ya karibu miaka 3. Mwingine atasema “siku ya bendera, 12 Desemba”. Ya 1963 tulipopata uhuru au ya 1964 tulipokuwa Jamhuri? Mwingine alizaliwa “Kenyatta alipokufa”. Mzee Kenyatta alifariki 22 Agosti 1978 na kuzikwa 31 Agosti, na kwa mama aliyekuwa kitandani siku hizo zote zilikuwa msiba mmoja. Anayesema “mwaka wa Mboya” amenipa mwaka mzuri, 1969, lakini bado nitamuuliza: kabla ya kuuawa kwa waziri Tom Mboya tarehe 5 Julai, au karibu na risasi zilizopigwa Kisumu siku ya kufungua hospitali ya Russia, ile iliyojengwa na Wasovieti, 25 Oktoba? Zote zilikuwa Jumamosi, na hilo pekee limewachanganya watu wengi.

Majina nayo husaidia. Otieno ni wa usiku, Omondi wa alfajiri, Onyango wa kabla ya adhuhuri, Okoth wa mvua, Obonyo wa nzige. Kwa Wabukusu Wafula ni wa mvua, Wekesa wa mavuno, Wanjala wa njaa. Kwa Wakalenjin Kiprop ni wa mvua na Kipkoech wa alfajiri. Hayo yananipa saa au msimu, si tarehe. Tena jina huenda ni la babu, na nzige waliokuja ni wa utoto wa babu. Tafadhali usinijie na jina lako kama ushahidi pekee.

Kuna mtego mwingine ambao huwa siuoni ukielezwa popote. Sisi husema “usiku wa kuamkia”. Jaribio la mapinduzi lilitokea usiku wa kuamkia Jumapili, 1 Agosti 1982. Aliyezaliwa nyumbani usiku huo, mkunga akiwa peke yake na taa ya chemni, ni wa tarehe 31 Julai au 1 Agosti? Kwenye kitabu tarehe hubadilika saa sita usiku. Saa tano ni Julai, saa saba ni Agosti. Wazazi wengi huhesabu usiku wote kuwa wa siku iliyotangulia, kwa hiyo Oduor, ambaye jina lake lenyewe linasema baada ya usiku wa manane, anaandikwa siku moja nyuma. Naibu wa chifu anayepokea taarifa aulize saa kwanza, ndipo aandike tarehe.

Na kwa kuwa tumeanza na Obama, tumtazame yeye mwenyewe. Baba yake alitoka Siaya, na wapinzani wake walidai kwa miaka kwamba alizaliwa Kenya. Mwezi Aprili 2011 Ikulu ya Marekani ilitoa nakala ya cheti chake kirefu: alizaliwa Honolulu, 4 Agosti 1961, saa moja na dakika 24 jioni. Mimi nilitazama kisanduku cha chini ambacho wengi hawakukitazama. Msajili alipokea taarifa tarehe 8 Agosti, siku 4 tu baada ya kuzaliwa. Hakuna aliyejua siku hiyo mtoto huyo atakuwa nani. Karatasi iliandikwa mapema, na mtu aliyeiandika hakuwa na sababu ya kupendelea tarehe yoyote. Ushahidi wa namna hiyo ndio ninaoutafuta kwako.

Sasa utaratibu. Mtoto asajiliwe ndani ya miezi 6. Akizaliwa hospitalini, hospitali hutoa taarifa. Akizaliwa nyumbani, taarifa hupelekwa kwa naibu wa chifu wa eneo alilozaliwa, si la mjini unakoishi sasa. Sehemu ya taarifa unayopewa itunze, ndiyo utakayotumia kuomba cheti. Baada ya miezi 6 huo ni usajili wa kuchelewa, na unahitaji idhini ya maandishi ya Msajili Mkuu. Kwa huo lete kila karatasi ya zamani uliyo nayo: kadi ya kliniki, rekodi ya ubatizo, rekodi ya shule ya msingi, vitambulisho vya wazazi. Karatasi ya zamani zaidi huwa na uzito zaidi. Barua iliyoandikwa wiki iliyopita na mtu asiyekuwepo ulipozaliwa haina uzito huo, hata iwe na mihuri mitatu.

Jina la mtoto laweza kuongezwa au kubadilishwa ndani ya miaka 2 tangu kusajiliwa. Tarehe ni jambo jingine. Kosa la kitabuni likithibitishwa, sahihisho huandikwa pembeni na ingizo la kwanza haliguswi. Hatufuti. Anayekuja kuomba “nisogezee mwanangu kidogo” ili acheze mpira na wa umri wa chini, ili mtumishi achelewe kufikia miaka 60 ya kustaafu, au ili mzee afike mapema miaka 70 ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, anaomba jambo ambalo hakuna afisa aliye na mamlaka ya kulifanya. Kughushi hati, kwa kifungu cha 349 cha Kanuni ya Adhabu, ni kifungo cha hadi miaka 3. Kuitumia hati hiyo ukijua ni ya uongo, kifungu cha 353, adhabu ni ileile. Mzazi, broka na afisa wote wanashikwa na vifungu hivyo. Daktari wa hospitali ya serikali naye anaweza kukadiria umri, lakini atatoa kadirio la miaka, hatatoa siku.

Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja kutoka Kano ya hapa Kisumu anayetaka pasipoti amtembelee binti yake ng'ambo. Kitambulisho chake ni cha 1 Januari 1960. Alichokijua ni kwamba siku bendera ya Uhuru ilipopandishwa, Desemba 1963, mama yake alikuwa amemkalisha kwenye leso uwanjani, akikaa vizuri ila hajaanza kutambaa. Mtoto wa namna hiyo ana miezi 6 hivi, basi ni katikati ya 1963. Aliniomba niandike 1 Juni, Siku ya Madaraka, “ili niikumbuke”. Nilikataa. Kadi yake ya ubatizo ilikuwa na mwaka pekee, kwa hiyo nilimtuma misheni akaombe wamtazamie kitabu chenyewe, si kadi.

Alirudi baada ya siku 9 na barua ya padre: kitabu kinasema alizaliwa 19 Mei 1963. Nikamwambia kwamba kwa tarehe hiyo amepungua umri kwa zaidi ya miaka 3, na Inua Jamii nayo itasogea mbele vivyo hivyo, na kwamba kitambulisho itabidi kikarekebishwe katika ofisi ya usajili wa watu. Akakubali. Kisha akauliza siku hiyo kulikuwa na nini. Nilimweleza kwamba uchaguzi ulioingiza serikali ya kwanza ya Madaraka ulifanywa kati ya 18 na 26 Mei. Akakaa kimya, akaishika ile barua kwa mikono miwili. Mama yake, akasema, alikuwa akilalamika hadi uzeeni kwamba uchungu ulimshika nyumbani bila mtu, maana baba watoto alikuwa kwenye foleni ya kura.