Mwanga wa asubuhi, usingizi na sonona kwa vijana: maswali kutoka Tanga

Binti yangu ana miaka 17. Halali mpaka saa tisa usiku na asubuhi haamshiki. Tangu mwezi uliopita hacheki, chakula anakigusagusa tu, shule haitaki. Baba yake anasema ni uvivu na simu. Ni kweli?

Simu ina mchango wake, mama, ila tusiishie hapo. Mtoto akishabalehe, saa ya mwili wake huanza kuchelewa yenyewe. Melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, kwake hutoka kwa kuchelewa. Ndiyo maana ukimwambia alale saa nne anajigeuzageuza tu kitandani. Ongeza hapo bando la usiku, ambalo ni la bei nafuu saa ambazo angepaswa kuwa amelala. Na bado kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 mpaka 10 za usingizi.

Lakini kutocheka, kukosa hamu ya kula na kuikataa shule, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ni dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Huo ni ugonjwa, na hautibiki kwa kumsema binti. Mpeleke Hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Kisha muulize waziwazi, mkiwa wawili tu, kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na sumu ya panya ziondolewe ndani, na aonwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwanga unaingiaje kwenye habari ya huzuni?

Ndani ya jicho, nyuma kabisa, zipo seli ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha sura za vitu bali kupima ukali wa mwanga na kupeleka taarifa kwenye saa kuu iliyo ubongoni. Mwanga wa asubuhi huiwahisha saa hiyo, wa usiku huichelewesha. Saa ikichelewa sana, kijana anakosa usingizi, anaamka mzito, anakaa ndani mchana kutwa, na sonona inapata pa kushika.

Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani walieleza sonona inayowapata watu majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi, na jinsi taa kali ilivyowasaidia. Sisi hatuna baridi hiyo, na kwa muda mrefu ilionekana habari hizi hazituhusu. Ila mwaka 2016 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Raymond Lam walitoa matokeo ya watu wazima 122 wenye sonona isiyofuata majira. Waliokaa mbele ya taa kali dakika 30 kila asubuhi kwa wiki 8 walipata nafuu kuliko waliopewa tiba ya kuigiza, na waliochanganya taa na dawa ya sonona iitwayo fluoxetini walifanya vizuri pia. Kwa vijana ushahidi bado ni mdogo zaidi, kwa hiyo mimi nauhesabu mwanga kuwa msaidizi wa matibabu. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya jua.

Hiyo taa inapatikana wapi hapa mjini?

Usiitafute. Taa ya tiba hutoa mwanga wa lux 10,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga). Sebule ya kawaida usiku haifiki hata lux 500. Toka nje saa mbili asubuhi, anga ikiwa safi, umeshazipita hizo 10,000. Hata wingu la masika likitanda, nje kuna mwanga mwingi mara kadhaa kuliko ndani. Afagie uwanja, au apande baiskeli kutoka Chumbageni mpaka Raskazone na kurudi, nusu saa hadi dakika 45, bila miwani ya giza. Asilitazame jua lenyewe. Mwanga unaomzunguka unatosha. Kukaa ndani nyuma ya pazia hakuhesabiki.

Shikamoo dada. Mimi huwa naamka saa tano asubuhi. Nikajilazimisha kuamka saa kumi na mbili na kukaa juani, usingizi ukazidi kuharibika. Nimekosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Hukukosea nia, ni mpangilio. Joto la mwili hushuka chini kabisa kama saa mbili kabla ya muda uliouzoea wa kuamka. Kwako wewe hiyo ni kwenye saa tatu asubuhi. Mwanga mkali ukikupata kabla ya hapo, mwili unauchukulia kama mwanga wa jioni na kuzidi kuchelewa. Kwa hiyo anza na saa tano hiyohiyo: ukifumbua macho, toka nje. Baada ya siku mbili tatu amka saa nne na nusu, kisha saa nne, ukirudi nyuma hivyohivyo mpaka ufike unapotaka. Jumamosi na Jumapili usilegeze, maana asubuhi mbili za kulala mpaka mchana huirudisha nyuma kazi ya wiki nzima.

Jioni fanya kinyume chake: kuanzia saa tatu punguza taa, na simu ilale chumba kingine.

Naamka kuswali alfajiri kisha narudi kulala. Kuna ubaya?

Kuswali hakuna tatizo, na wakati ule mwanga bado ni hafifu. Tatizo ni kurudi kitandani mpaka saa nne. Ukilala tena, jipe muda mfupi, uamke jua likishatoka.

Nani asijaribu bila daktari?

Mwenye ugonjwa wa macho, anayetumia dawa zinazoongeza ukali wa jua machoni au kwenye ngozi, na hasa mwenye historia ya kupanda na kushuka hisia kupita kiasi, yeye au nduguze. Kwa huyo mwanga mwingi wa asubuhi unaweza kumrusha upande wa pili, wa kuchangamka kupita kiasi. Ukiona kijana analala kwa muda wa saa tatu tu na hachoki, anaongea mfululizo, anatumia hela ovyo, simamisha zoezi hilo na mrudishe kliniki.