Sifuri ya Nairobi si sifuri ya Mombasa

Kila Desemba, wiki mbili kabla ya Krismasi, gereji yangu hujaa Subaru za turbo zinazojiandaa kuteremka Pwani. Wenyewe huniuliza kuhusu oili, breki na matairi, na wana haki, maana ni safari ya kilomita zipatazo 480. Ila ni wachache mno wanaouliza lile ambalo mimi nisingeondoka Nairobi kabla ya kulijua: hii busti niliyowekewa huku juu, yaani presha ambayo turbo huongeza kwenye hewa inayoingia injini, kule chini itakuwa ngapi?

Wengi hudhani itabaki ileile. Geji ya pale kwenye dashibodi itaonyesha namba ileile, kweli. Injini ndiyo itakayopokea kitu kingine.

Zima gari uitazame geji ya busti. Sindano imelala kwenye sifuri. Sifuri ile haimaanishi kwamba hakuna presha ndani ya injini. Inamaanisha presha ya ndani na ya nje ziko sawa, basi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina presha ya kama kilopaskali 82. Mombasa ni kama 101. Geji haijui uko wapi. Kazi yake ni kukuonyesha turbo imeongeza kiasi gani juu ya hewa ya pale ulipo.

Chukua Impreza inayosoma bar 1 kwenye geji, ambayo ni kilopaskali 100. Nairobi, kinachoingia kwenye silinda ni 82 na 100, jumla 182. Mombasa ni 101 na 100, jumla 201. Sindano haijasogea hata unywele, lakini pistoni imeongezewa mzigo wa asilimia kumi.

Sasa ongeza tabia yetu sisi watu wa milimani. Gari la Nairobi huonekana zito, kwa sababu hewa ni nyepesi, na mwenye gari hutaka nguvu zile alizosoma kwenye makaratasi ya Japani. Fundi anapandisha busti hadi bar 1.2 ili jumla ifike 202. Kwa injini, hapo tumelingana na gari la baharini lenye bar 1, hakuna ubaya wa moja kwa moja. Anayeumia ni turbo. Ili kutoa 202 kutoka kwenye hewa ya 82, inabidi iikandamize karibu mara mbili na nusu, ilhali kule Mombasa ingetosha mara mbili. Gurudumu lake linazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka na joto zaidi, na intakula, kile kipoza hewa baada ya turbo, inapewa kazi ambayo haikupimiwa. Turbo ndogo za kiwandani nimeziona zikianza kupitisha oili mapema kwa sababu hii hii, na mwenye gari akilaumu oili.

Teremka basi na gari hilo la bar 1.2 hadi Mombasa. Jumla inakuwa 221, katika joto la nyuzi 32, na mara nyingi likiwa limejazwa mafuta katika kituo cha njiani ambacho dereva hajawahi kukitumia.

Kompyuta ya kiwandani ya Subaru haikuachwa bila akili. Inapima presha ya hewa ya nje na kurekebisha busti kulingana na mwinuko. Shida huanza mtu anapofunga kile kidhibiti cha skrubu, cha mkono. Westigeti, ule mlango unaopitisha moshi kando ya turbo busti ikitosha, hufunguka kwa presha inayofika kwenye kopo lake. Skrubu inaipunguza presha hiyo ili mlango uchelewe, na kompyuta haina tena sauti. Skrubu haijui Voi wala Mariakani.

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea Impreza nyeupe, STI ya 2004. "Fundi," akaniambia, "geji yangu haijawahi kupita 0.9, na bado nasikia kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo nikikanyaga." Ile sauti ya kokoto ni kunoki: petroli inalipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuwaka kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Nilimwomba asiliwashe tena.

Nilichomeka waya wa laptopu yangu chini ya usukani, nikafungua swichi bila kupiga staata. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na hakigharimu chochote. Sensa ya presha ya Subaru husoma presha kamili, siyo tofauti, kwa hiyo injini ikiwa imezimwa lazima ikupe presha ya hewa ya nje. Ilisoma 82. Nikajua sensa ni nzima na naweza kuiamini. Kisha tukatoka kwa mwendo mmoja mfupi, mimi nikiendesha, RomRaider, programu ya laptopu inayosoma kompyuta ya Subaru, ikirekodi. Gia ya tatu, nikakanyaga kidogo tu na kuachia. Geji ikasema 0.9. Rekodi ikasema 207. Toa 82: busti halisi ni 125, yaani bar 1.25.

Tuliporudi nikaifuata hosi ya geji kwa vidole, kutoka dashibodi hadi kwenye injini. Ilikuwa hosi nyembamba ya silikoni, na ndani yake kulikuwa na kizuizi chenye tundu dogo, kile cha kuzuia sindano isitetemeke. Sentimita chache mbele ya kizuizi, ilipogusa ukingo wa bati, kulikuwa na mpasuko ambao huuoni mpaka uikunje. Hewa inayopita kwenye tundu dogo ilikuwa inavujia pale kabla ya kufika kwenye geji. Waliomfungia skrubu walikuwa wakiizungusha huku wakiitazama geji hiyo hiyo, na kinga ya kompyuta inayokata petroli busti ikizidi ilikuwa imeshasogezwa juu.

Nikatoa plagi. Ya silinda ya nne, kwenye kauri nyeupe, ilikuwa na chembe ndogo za fedha, kama vumbi la karatasi ya sigara. Hiyo ni aluminiamu ya pistoni. Nilimwonyesha kwa tochi, na hatukuhitaji kuzungumza sana. Kompresheni ilikuwa bado nzuri kwenye silinda zote nne, na nilimshukuru Mungu kwa niaba yake, maana injini hizi zikianza kuvunja pistoni katikati ya ringi huwa hazikupi onyo la pili.

Kuna kosa jingine la geji ambalo husababisha hasara isiyo ya lazima. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ndani ya manifoldi, lile bomba linalogawia silinda hewa, kuna kama 35. Pwani geji itaonyesha karibu bar 0.65 chini ya sifuri, Nairobi karibu 0.47. Watu husoma mtandaoni kwamba injini nzima lazima ivute 0.65, wanatazama yao, wanaanza kununua gaskiti. Gari halina kasoro.

Kwenye rekodi, baada ya presha, naitazama alama ambayo kompyuta ya Subaru hujiwekea kuhusu ubora wa mafuta. Kwenye kompyuta mpya kidogo kilele chake ni 1, kwenye za zamani ni 16. Ikishuka, kompyuta imesikia kunoki mara nyingi hadi imeacha kuyaamini mafuta, na imerudisha nyuma muda wa kuwasha plagi. Magari haya yalipangwa Japani kwa petroli ya oktani kama 100, na yetu iko chini ya hapo hata ikiwa safi. Ikichanganywa na mafuta ya taa, oktani inaanguka zaidi. Biashara hiyo ilienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kuipunguza.

Kwa gari la kijana yule nilitoa skrubu, nikairudisha solenoidi ya kiwandani, vali ndogo ya umeme, ili kompyuta iitawale westigeti, nikabadilisha hosi na plagi, nikaandika upya programu kwa ukomo wa presha kamili. Nairobi haipiti 190, Mombasa haipiti 190. Kwenye geji hiyo ni 1.08 huku, na 0.89 kule. Alisikitika kidogo kusikia kwamba sindano yake "itashuka" akifika baharini. Nilimchorea hesabu kwenye kadibodi ya boksi la plagi, na akaiweka kwenye gari.

Nilimsihi pia kuhusu kupita malori. Katika barabara ile unaweza kuyakuta manne yamefuatana, na ukayapita kwa gia ya nne mguu ukiwa umezama hadi chini kwa sekunde nyingi kuliko ninazothubutu mimi wakati wa kutuni, yaani kurekebisha injini. Huko ndiko pistoni hufia. Shusha gia, pita lori moja, pumzika.

Alifika Nyali usiku. Asubuhi, kabla ya kupiga staata, alifungua swichi kama nilivyomfundisha, akanitumia picha ya skrini. Presha: 101. Alama ya mafuta: 16.